Tausi wa Chawri Bazar

Mama katolewa nyuzi leo asubuhi, na daktari kasema wiki ijayo tunaweza kukata tiketi. Kwa furaha hiyo nikatoroka mchana, nikapanda metro mpaka Chawri Bazar, Delhi ya zamani, mtaa wa wauza shaba na wauza kadi za harusi. Nimerudi na lota.

Lota ni chombo cha maji: tumbo la duara, shingo fupi, mdomo uliopinduka nje kidogo ili vidole vipate pa kushika. Yangu ni ya shaba ya manjano, ukubwa wake kama dafu dogo, na tumboni imechorwa kwa mkono tausi wawili wanaotazamana katikati ya maua mekundu. Muuzaji aliapa ina miaka mia. Tukavutana bei, tukapatana, nikatoka dukani kifua mbele.

Mama kaipokea, kaigeuzageuza, kanitazama. "Mwanangu, umeacha vyote vya India ukanunua kopo la chooni?"

Alicheka mpaka akashika kidonda. Wala hakukosea. Lota hiyohiyo ya kunywea, na ya kutolea maji kwenye ibada za Wahindu, ina ndugu zake wanaokaa msalani. Halafu yenye kitako cha mviringo haitulii, hubingirika huku na huku, na ndiyo maana kule Pakistan mwanasiasa anayehamahama vyama huitwa lota. Sisi tuna bendera fuata upepo.

Sasa mama kalala, nami nimekaa na hii lota chini ya taa. Karibu na kitako kuna kibonyeo, chombo kiliwahi kuanguka. Lakini rangi ya jani imepita ndani ya kibonyeo bila ufa hata mmoja. Ingekuwa ilipakwa kabla ya kuanguka, ingebanduka pale. Tena chini ya shingo, ambapo vidole hupita kila siku, tausi anang'aa kama kapakwa jana, ilhali shaba ya mdomo juu yake imelika mpaka imekuwa nyembamba upande mmoja. Basi chombo ni cha zamani kweli, nguo ndiyo mpya. Kuna mtu kakiremba kwa ajili ya wageni kama mimi.

Na nilipaswa kujua. Moradabad, mji wa mafundi wa shaba mashariki ya Delhi, fundi huchonga nakshi kwanza, kisha hujaza lakiri ya rangi ndani ya mchongo kwa moto. Rangi ya namna hiyo inakaa ndani ya shaba. Hii yangu imekaa juu juu, nikipitisha kucha inakwaa.

Kilichonifariji kiko ndani. Ndani ni kweupe, kumepakwa bati. Kazi hiyo huitwa kalai: chombo hupashwa juu ya makaa, husuguliwa kwa pamba yenye unga wa navasadar, chumvi ya amonia, moshi unapanda, kisha fundi hugusisha bati na kulisambaza kwa kitambaa kabla halijaganda. Shaba tupu ikikaa na kitu kichachu, kama ndimu au maziwa lala, hutoa kutu yenye sumu, kwa hiyo bati likichakaa hurudiwa. La kwangu limekwanguka upande uleule ambao mdomo umelika. Aliyekuwa nayo alimimina upande mmoja maisha yake yote.

Charles na Ray Eames, wabunifu wa Marekani walioalikwa na serikali ya India, waliandika ripoti mwaka 1958, na katika vyombo vyote walivyoviona huko waliisifu lota kupita vingine. Walijiuliza mengi: maji kiasi gani yanatosha, mkono wa nani utaishika, itakaaje kiunoni au kichwani, uzito utahamaje ikiwa tupu na ikijaa. Tausi hawamo.

Nimefikiria kuikwangua rangi. Nikikwangua vibaya nitaondoa na ule weusi wa miaka ambao wakusanyaji wanaulipia. Nikiiacha, kila mgeni sebuleni atasifu kile kilicho cha uongo. Nimezima taa.

Nyongeza, alfajiri: nimeamshwa na mlio wa maji. Waislamu wa hapa hupenda lota yenye mrija, lakini mama hana habari hiyo. Yuko bafuni anatawadha kwa lota yangu, na dole gumba lake limekaa juu ya shingo ya tausi wa kushoto.