Alhamisi ndiyo siku yetu nzito

Saa 12:30 asubuhi
Napanda daladala Fuoni, nashuka Michenzani, nakata kwa miguu hadi Mji Mkongwe. Kwa jumuiya yetu, inayosomesha vijana muziki wa taarab bila malipo, Alhamisi ina kazi kuliko siku nyengine yoyote, kwani vyuo vingi vya Kurani hapa mjini hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Mtoto wa Unguja asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuoni, jioni anatumwa dukani au anamwangalia mdogo wake. Ukitaka ajifunze udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, kwanza umtafutie saa. Mkataba wangu unasema mimi ni meneja utawala. Kazi yenyewe ni kutafuta hizo saa na kuzilinda.

Saa 1:30
Mlinzi ameshafungua. Naanza na chumba cha vyombo: fidla, udi, akodiani, ngoma ya dumbaki, rika ambayo ni tari dogo, na ganuni mbili, vyombo vya nyuzi vya kulaza. Ganuni ndizo zinazonitia wasiwasi. Kila sauti ina nyuzi tatu, zote pamoja zinapita sabini, na daraja linalozibeba limekaa juu ya ngozi. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, bahari iko karibu, na ngozi ikivuta unyevu nyuzi zote zinashuka. Nyuzi hizo huzipati sokoni Darajani. Tunaagiza nje, halafu tunaandika barua ya kuomba msamaha wa ushuru, halafu tunasubiri.

Saa 3
Wanaingia watoto wa mkondo wa mchana, wale wanaokwenda skuli baada ya adhuhuri. Madarasa yakianza, mimi, mkurugenzi na mshika fedha tunakaa na chai na mandazi kuijibu barua ya mfadhili. Yuko tayari kutununulia vinanda vya umeme, na anauliza kwa nini tunashikilia ganuni na udi.

Swali ni la haki na linastahili jibu kamili. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Vikundi hivyo vya taarab vinaishi kwa sababu kila kizazi kilipata wa kukaa chini ya mwalimu. Ukiipiga Bayati, moja ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti inayokaa katikati, ambayo kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Mtoto aliyeanza kwa kinanda peke yake hajawahi kuisikia kwa vidole vyake, na akikutana na wazee hawezi kuingia nao.

Mshika fedha ana hoja nyengine, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Wafadhili wengi hupenda kulipia kitu cha kupigwa picha. Umeme, mlinzi, michango ya wafanyakazi kwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkaguzi wa hesabu tunazompelekea Mrajis wa jumuiya kila mwaka, hivyo havina mwenyewe. Chombo bila mwalimu kinakaa kabatini. Tunaandika hivyo hivyo, kwa adabu, bila kuzunguka.

Saa 5
Barua ya kibali kwa Baraza la Sanaa kwa ajili ya onyesho la wanafunzi, nakala kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Stakabadhi za wiki. Naswali Adhuhuri, nakula wali na maharage.

Saa 7
Simu ya mwalimu wa fidla. Hoteli moja kule Nungwi inamtaka jioni ya leo. Ni Agosti, wageni wamejaa, na kwa usiku mmoja hulipwa pesa ambayo sisi hatuwezi kumpa kwa wiki. Siwezi kumkasirikia mtu mwenye watoto wanne. Nakubaliana naye asomeshe mapema mpaka saa kumi, kisha aondoke, na wanafunzi wake wawili wa mwisho wakae na kundi la mahadhi kwa leo. Nawapigia wazee wao mmoja mmoja, kwa sababu mzazi akimkuta mtoto si mahali alipoambiwa, wiki ijayo hamleti.

Saa 8
Nyumba inajaa. Viatu mlangoni, sare za skuli, mabuibui, fidla tatu zinatafuta sauti moja. Napita kuangalia milango. Kila darasa linasomeshwa mlango ukiwa wazi, hata joto likiwa kali, hata kelele zikichanganyika. Sharti hilo halina msamaha kwa mwalimu yeyote.

Saa 10:15
Wamemaliza kuswali Alasiri. Baba wa mwanafunzi wetu wa udi, msichana wa miaka kumi na minne, anasimama mlangoni mwa ofisi.

"Assalaam aleikum, Bi."

"Waaleikum salaam. Karibu kiti, mzee wangu."

Anakaa kimya kidogo. "Mimi sina neno na udi. Babu yake alikuwa na santuri za Siti binti Saad. Lakini huyu mtoto wa kike, na nasikia mnawapeleka hotelini usiku."

Siti, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba, akarekodi Bombay mwaka 1928, na huyu baba anayajua hayo kuliko mimi. Wengi hudhani mzazi wa namna hii anahitaji kuelimishwa kuhusu thamani ya muziki. Anachotaka kujua ni nani atakuwa chumbani na binti yake, na saa ngapi atafika nyumbani. Ni maswali ya mzazi mwema, na ofisi ipo ili iwe na majibu yake.

Namtolea fomu aliyotia saini mkewe: aliye chini ya miaka kumi na minane hapigi usiku, wala mahali panapouzwa ulevi. Nampeleka darasani, anasimama kizingitini mpaka binti yake anamaliza. Tukirudi ofisini anataka jambo moja tu, somo limalizike mapema, wawe wameshafika Bububu kabla ya Magharibi. Kwa kawaida somo lake ni saa kumi na moja. Leo tu ndiyo amewahi kuingia.

Saa 12
Nahesabu vyombo, nafunga kabati, natoka.

Saa 2 usiku
Saa tisa inamfaa yule msichana, lakini ina kijana wa Mkunazini. Nampigia mama yake. Anasema kuanzia saa kumi mwanawe anamsaidia kuuza urojo, ndiyo riziki yao, ila saa nane anaweza kuja. Mwalimu wa udi huanza saa tisa. Nampigia naye. Atakuja saa nane, "lakini Bi, saa hiyo mtanihesabia?"

Nimemwambia tutamhesabia. Naifungua tena barua ya mfadhili na kuongeza mstari chini ya malipo ya walimu: udi, saa moja zaidi, kila Alhamisi, hadi Disemba.