Nilivyolifunga gari langu lisiibwe, kwenye hewa ya chumvi ya Mtwara

Gari ninalolizungumzia ni Toyota IST ya petroli. Linalala nje, Shangani, hatua chache kutoka baharini. Nalitaja hilo la bahari mapema kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila nilichofunga. Vifaa vya ulinzi vya madukani hufanya kazi vizuri siku ya kufungwa, lakini huku pwani chumvi huvila kimyakimya, na mwenye gari huja kujua siku anapovihitaji.

Nilianza na swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, maana ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote dhidi ya kuondokewa na gari zima. Mafundi wengi hukata waya mkubwa unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye swichi ndogo. Kazi ya nusu saa hiyo. Tatizo ni kwamba pampu hula ampea 4 hadi 7 muda wote injini inapozunguka. Swichi ndogo hupata moto, vigusio vyake vinaungua, na siku moja gari linazimika ukiwa unashuka kuelekea Mikindani. Likizimika kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, na breki zinabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu.

Mimi nilikata waya mdogo wa amri. Kwenye Toyota nyingi za petroli za umri huu, pampu huwashwa na rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme mdogo wa koili iliyo ndani yake. Koili ya rilei hupata chanya ukishafungua swichi ya gari, kisha kontroboksi (kompyuta ya injini) huipa hasi pale injini inapopigwa stata. Waya huo wa hasi haufikishi hata robo ampea, kwa hiyo swichi yoyote ya heshima inaumudu miaka na miaka. Kuutambua, usiamini rangi, kwa sababu hubadilika kati ya modeli na modeli. Tumia mita. Ncha nyeusi iweke kwenye bodi, nyekundu gusa pini za koili moja baada ya nyingine. Swichi ya gari ikiwa imefunguliwa na injini imelala, zote mbili zitasoma karibu volti 12. Mwambie mtu apige stata: pini moja itabaki juu, nyingine itaporomoka hadi chini ya volti 1. Hiyo iliyoporomoka ndiyo ya kukatwa.

Kurefusha hadi ilipo swichi nilitumia waya wa milimita mraba 0.75. Mahali pa swichi sipasemi, ila nasema pasiwe wapi: chini ya usukani, ndani ya droo ya abiria, chini ya kapeti la dereva. Huko ndiko mkono wa kwanza unakokwenda. Pawe mahali unapofikia ukiwa umefunga mkanda. Ujue pia kwamba ukikata pampu baada ya kuzima gari, presha iliyobaki kwenye bomba la mafuta inaweza kuliwasha kwa sekunde chache kisha likafa. Usipotaka liwake kabisa, ikate swichi injini ikiwa bado inanguruma, iache ijizimikie yenyewe.

Sasa viungo vya nyaya, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Desturi ni kusokota shaba na kuzungushia selotepu. Fungua kiungo cha namna hiyo baada ya masika moja: selotepu imelegea kwa joto na kunata kama ubani, ndani shaba imegeuka nyeusi, pembeni ina unga wa kijani, na ukiivuta kidogo inakatika mkononi. Gari lenye kiungo hicho humgomea mwenyewe kuliko linavyomgomea mwizi. Nilichotaka kifanyike ni hiki. Vua waya milimita 15, pitisha kwanza mpira unaonywea kwa joto (ukisahau sasa, hauingii tena), sokota, choma risasi ya kulehemu yenye ulimbo ndani. Ile dawa ya asidi wanayotumia mafundi mabati iache kabisa, kwa sababu hubaki ikiila shaba. Mpira uwe wa aina yenye gundi kwa ndani. Ukiupasha, gundi ichungulie pande zote mbili. Isipochungulia, maji yataingia. Mwisho, waya ukae umening'inia kidogo chini ya usawa wa kiungo, ili tone la maji litelemke badala ya kutuama pale. Tamino za betri zinaoshwa kwa maji ya moto yenye baking'i soda, zinakaushwa, zinakazwa, ndipo zinapakwa vaselini.

King'ora kilinipa kazi zaidi. Kile kibonyezo kinachokaa chini ya boneti ndicho huoza kwanza. Kikishaoza, ama king'ora hakilii mtu akifungua boneti, ama kinalia saa nane za usiku bila mtu. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu majirani wakishazoea hakuna atakayetoka. Kipake grisi kidogo, na hakikisha mguu wake umekaa kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi. Honi ya king'ora ielekee chini isije ikageuka bakuli la mvua. Halafu kuna kihisio cha mtikisiko. Ukikaa karibu na barabara ya malori ya saruji, au msimu wa korosho malori yanapopishana kwenda maghalani, kihisio kilichokazwa sana hulia kila baada ya dakika chache. Nilikipunguza mpaka kofi la kiganja kwenye kioo kikaliamsha gari na lori lililopita lisiliamshe.

Kifaa cha kufuatilia gari kikae juu ndani ya dashibodi, uso wake ukitazama angani kupitia plastiki. Bati likiwa juu yake hakioni setilaiti. Chagua chenye betri yake ya ndani ili kiendelee kutuma hata betri ya gari ikichomolewa, na chenye kuhifadhi njia pale mtandao unapokatika, kwa sababu safari ya Lindi hadi Dar ina vipande vya pori. Kama kina uwezo wa kuzima gari kwa ujumbe, kipangwe kizime likiwa limesimama tu. Sababu nimeitaja juu. Weka pia mpaka wa kilomita mbili, gari likivuka usiku simu ilie. Kutoka mjini hapa njia za lami za kukimbilia mbali ni chache: Mikindani kwenda Mingoyo, ambako unaachana na ya Masasi au Lindi, na ile ya Naliendele. Ukijua ndani ya dakika kumi gari limeshika ipi, polisi wana pa kuanzia.

Ila vifaa hivi vinakunywa betri. Weka mita kwenye ampea, mfululizo na waya wa hasi, funga milango, subiri nusu saa gari lilale, ndipo usome. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Hata hiyo 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku; betri ya ampea-saa 35 itafika nusu baada ya wiki mbili hivi. Anayesafiri muda mrefu aache mtu wa kuliwasha.

Upande wa wizi wa vipande, teknolojia haisaidii sana, kwa sababu mtu wa saiti mira hamalizi hata dakika. Hapa unaharibu soko la mali. Nilichorewa namba ya gari kwenye vioo vyote, saiti mira na kona za taa. Vioo vya milangoni vichorwe kwa dawa au mchanga wa presha, si kwa ncha ya almasi iliyokandamizwa, maana ni vioo vilivyoimarishwa kwa joto na mkwaruzo wa kina unaweza kukipasua kioo kizima. Kontroboksi nilifungiwa bamba la chuma la milimita 2 kwa boliti ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa, na bamba likapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, pamoja na matobo yake. Betri ikapata mkanda wa chuma na kufuli. Kufuli hilo, pamoja na lile la usukani, usitie grisi, inashika mchanga. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Kilichobaki ni mazoea. Joto letu linashawishi watu kuacha kioo kikiwa wazi vidole viwili. Waya wa henga unahitaji kimoja. Ukibonyeza rimoti, vuta kitasa uhakikishe, kwa sababu kuna vifaa vinavyoziba mawimbi yake ukidhani umefunga. Gari linaloegeshwa ufukweni lisiachiwe ufunguo juu ya tairi, kila mtu anaijua hiyo. Nunua mfuko usioingiza maji uogelee nao. Na chini ya mnazi usiegeshe kabisa, nazi moja inafanya kazi ya wezi wawili.

Bima ndogo hailipi gari lililoibwa. Nina kubwa, na nakala ya kadi ya gari, namba ya chesisi na ya injini viko kwenye simu, si kwenye droo ya gari, kwa sababu kituoni ndivyo vinavyotakiwa kabla hujapewa RB (namba ya taarifa ya polisi), na bima nao wataitaka RB hiyo kabla ya fomu yoyote. Kila sevisi ya gari, fundi akiwa anamwaga oili, mimi napima ile swichi, nabonyeza kibonyezo cha boneti na kutuma ujumbe mmoja kwenye kifaa cha kufuatilia kuona kama laini yake bado ina salio.