Nilivyotuma ujumbe wa siri ndani ya DNA

Wazo si langu. Mwaka 1999, Carter Bancroft na wenzake wa New York walieleza katika jarida la Nature walivyoficha maneno "JUNE6 INVASION:NORMANDY" ndani ya DNA na kuyabandika kama nukta kwenye barua. Mmoja wao, Viviana Risca, alikuwa bado sekondari! Nikajiambia, mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, si tunayo hapa maabara?

Ujumbe wangu ulikuwa TUKUTANE KAMANGA IJUMAA, kwa rafiki yangu wa Mwanza ambaye naye ni mtu wa maabara. Kila alama, pamoja na nafasi, niliipa herufi tatu kati ya zile nne za DNA: A, C, G na T. Michanganyiko inakuwa 64: alfabeti na tarakimu zinaenea, na chenji inabaki. Lakini A imejitokeza mara sita katika alama 23, na mjanja yeyote angeanzia hapo. Kwa hiyo kwanza nilisogeza kila alama kwa namba ya kubahatisha kutoka kwenye karatasi ambayo nakala yake anayo yeye tu, ya kutumika mara moja na kuchanwa. Wengi huiruka hatua hii, ilhali ndiyo usimbaji wenyewe; DNA ni maficho tu.

Zikatoka herufi 69. Kila upande nikaongeza 20 za kushikia praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR pa kuanzia kunakili, jumla 109, nikaagiza uzi huo utengenezwe. Ulikuja mkavu kwenye kichupa, hata huuoni. Nikauzimua sana, nikauchanganya na DNA ya mate yangu iliyokatwakatwa, nikadondosha tone kwenye karatasi ya chujio. Lilipokauka nikalipeleka stendi kama barua nyingine; DNA kavu haihitaji barafu.

Mfuatano wa praima nilishampa mkononi alipokuja Dar. Asiyeujua anabaki na lundo la DNA ya binadamu, yenye herufi kama bilioni tatu kwa nakala moja. Anayeujua, mizunguko 30 ya PCR kinadharia humpa nakala zaidi ya bilioni moja za uzi mmoja.

Akanitumia picha ya jeli, inayotenga DNA kwa urefu: mstari mmoja mwembamba, jirani kabisa na alama ya urefu wa herufi 100. Uzi akausomesha kutoka pande zote mbili, maana herufi za mwanzo za kila usomaji hutoka zimevurugika. Kisha akakaa na karatasi yake ya namba, akanipigia.

"Bwana, Kamanga nimeiona. Ila hiyo Ijumaa yako ilishapita wiki iliyopita."