Hamburg bandarini, mtu wa Kigoma aingie hoteli gani?

Nipo nyumbani Kigoma wiki ya pili sasa, nimetoka Hamburg kule Ujerumani ninakoishi, na kila jioni pale Mwanga kwa mama mdogo maongezi yanaishia palepale, kwenye chakula. Mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho, anakuja Hamburg Septemba kusoma ufundi wa meli, na juzi akaniuliza, kaka, kule bandarini naona kwenye simu kuna hoteli za kila taifa zimepangana, mi nitajuaje niingie wapi? Nilimjibu kwa mdomo lakini nikaona niandike kabisa maana na mimi mwaka wa kwanza nilikula vibaya sana kwa kukosa mtu wa kuniambia.

Kwanza usichague kwa kuangalia maji. Ukishuka treni pale Landungsbrücken unaona mto Elbe, meli, watalii, na sehemu nyingi za kula zimegeukia mto. Mshahara wangu wa kwanza niliupeleka hapo, nikakaa karibu kabisa na maji kwa sababu yalinikumbusha ziwa, nikaletewa kipande cha samaki kidogo hivi kimelala juu ya majani, bei yake ningekula wiki nzima. Njaa nikarudi nayo. Tangu siku hiyo nachagua kwa mapishi, yaani najiuliza hawa watu kwao wanapika nini tangu bibi zao, halafu naagiza hichohicho.

Sasa geuza mgongo mto uelekee kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lile lenye mnara mkubwa wanaouita Michel. Katikati hapo, mtaa wa Ditmar-Koel-Straße na vichochoro vyake, ndio Portugiesenviertel, mtaa wa Wareno. Ujerumani ilitiliana mkataba wa vibarua na Ureno mwaka 1964, watu wakaja kufanya kazi, wengine wakakaa karibu na bandari, wakafungua vijihoteli. Wao wanajua samaki. Siku ya kwanza nimepita ile harufu ya samaki akiungua juu ya moto ikanisimamisha katikati ya njia, nikasema hii ni Kibirizi kabisa, mwaloni kwetu Kigoma! Nikaingia nikaletewa sadini sita nzima, na vichwa vyao, ngozi imepasuka na kuungua pembeni, chumvi ya mawe juu, limau, viazi vya kuchemsha na mafuta ya zeituni. Nimekula kwa mkono na mzee mwenye hoteli akaja kunisalimia kwa furaha.

Na wala sio harufu tu, ni undugu kabisa. Dagaa wetu wa Tanganyika ni wa ukoo wa sadini, tofauti wetu wanaishi maji baridi na ni wadogo. Mama mdogo kusikia hivyo akacheka mpaka akaacha kupepeta dagaa, akasema kumbe wazungu nao wanakula dagaa, ila wameacha wakue. Kama huku tunavyojua mbalamwezi ikiwa kubwa vipe, zile boti za kuvua kwa taa, havitoki na dagaa wanaadimika, Wareno nao wanajua sadini wao ananona kiangazi, kwa hiyo agiza Juni hadi Septemba. Baridi ikiingia hamia kwa bacalhau, samaki wa kukaushwa kwa chumvi anayelowekwa kwanza ndio apikwe, mtu aliyezoea migebuka mikavu hatapata shida. Usiogope menyu pia, utaona mesa, vinho, utajua ni meza na mvinyo, maneno hayo tuliyachukua kwao zamani.

Mama mdogo akauliza na nguruwe je? Swali la maana hilo, sisi ni watu wa Ujiji. Wareno wanampika sana, hata kome wengine wanachanganya naye, uliza kabla hujaagiza, na ukishika samaki wa kuchoma na salada upo salama ila waombe wasichome pamoja na nyama. Ukitaka pilau na uhakika wa halali toka bandarini, panda treni mpaka stesheni kuu utembee Steindamm, kuna Waturuki na Waafgani, pilau la Kiafgani lina karoti na zabibu na nyama imefichwa chini ya wali.

Chakula cha Wajerumani wenyewe wa bandarini jaribu Fischbrötchen, mkate wenye samaki ndani na vitunguu. Yule wa heringi wa chumvi hajapikwa, wengi wetu hatumuwezi, we chukua wa kukaanga. Labskaus, chakula cha mabaharia cha nyama ya chumvi iliyopondwa na viazi, mimi kimenishinda.

Halafu maji ya kunywa unalipia, beba noti kwa sababu vijihoteli vingine kadi hawapendi, na mchana siku za kazi angalia ubao ulioandikwa Mittagstisch, yaani chakula cha mchana, hapo bei inashuka kweli.

Ila wiki yake ya kwanza sitampeleka hoteli yoyote. Jumapili kuna Fischmarkt, soko la samaki, lipo tangu 1703, kiangazi linafunguliwa saa 11 alfajiri na saa 3 na nusu asubuhi wanafunga, wauzaji wanapiga kelele za bei kama wa kwetu. Kuamka hakutamsumbua, tangu mdogo anawahi Kibirizi kupokea mitumbwi. Tutanunua samaki, mawese nitakuwa nayo kutoka duka la Waafrika, na unga wa muhogo mama mdogo ameshaanza kuufunga kwenye begi lake.