Moja Imelala

Baba mdogo alinipa pikipiki yake Juni 2014, kwa sharti moja tu: siku itakapowaka, yeye awe wa kwanza kuisikia. Hakusema kuiona. Kisukari kilikuwa kimeshamchukulia macho, amebakiwa na kutofautisha mchana na usiku, na vivuli vya watu wanaopita. Tulikuwa barazani kwake Makorora, Tanga. Akanipa kopo la bati la biskuti, ndani mna funguo mbili na kadi ya pikipiki yenye jina lake, imekunjwa mara nne na kuviringishwa kwenye nailoni. Kadi ile ndiyo iliyonitia moyo. Chombo cha zamani kisichokuwa na kadi, hata ukikitengeneza kikang'aa, huwezi kutoka nacho barabarani.

Ilikuwa Honda CBR 600 ya mwaka 1992. Ilikuwa imekaa miaka saba kwenye banda la uani, chini ya turubai na viroba vya vifuu. Silinda nne, kabureta nne, mabomba manne ya moshi yanayoshuka mbele ya injini kama vidole. Tanga nzima ni Boxer na Toyo, silinda moja, spea zake unazipata kila kona ya Ngamiani. Ya baba mdogo haikuwa na spea katika duka hata moja. Na hewa ya bahari ilikuwa imeshakula ilichotaka: nati zimevimba kutu, tangi ndani jekundu, lever ya breki ya mbele ukiibana haisogei.

Wakati ule nilikuwa nachapa na kutoa kopi kwenye duka la steshenari. Tulikuwa na mchezo wa watu 12, kila mtu sh. 70,000 kwa mwezi, na zamu yangu iliangukia Julai. Sh. 840,000. Hizo ndizo zilikuwa fedha zote, na nilikuwa nimeshapanga 200,000 ya rangi, nyekundu na nyeupe kama ilivyokuwa zamani.

Fundi wangu wa bodaboda aliiangalia akanyoosha mikono. "Mimi yangu ni kabureta moja, kaka. Nne hizo nenda kwa watu wa boti." Nampenda mpaka leo kwa neno lile, maana angeweza kula hela yangu na kuniharibia.

Nikashuka Deep Sea, soko la samaki, nikamkuta mzee mmoja anafungua mashine ya boti juu ya meza iliyojaa magamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine ya nani?"

Nikamweleza, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliikodolea macho muda mrefu. "Za boti zipo zenye kabureta tatu. Hiyo ya nne tutajuana nayo mbele ya safari. Una shilingi ngapi?" Nilipotaja rangi akatikisa kichwa. "Rangi itoe. Kwanza isimame, halafu iwake, halafu ndiyo ipendeze."

Isimame, maana yake breki na matairi. Julai kusi huvuma, boti ndogo nyingi hazitoki, kwa hiyo mzee alikuwa na nafasi ya kuja Makorora alasiri. Kalipa za mbele, vile vishikio vinavyobana diski ya breki, tulizing'oa, pistoni zake zimegandana na kutu ya chumvi. Mzee hakugonga hata mara moja. Alifunga bomba la grisi kwenye tundu la mpira wa breki, akawa anapampu polepole, na pistoni ikatoka yenyewe milimita kwa milimita, kama jino la mtoto. Nilizisugua kwa msasa wa maji mpaka ukucha ukipita juu yake haukwami. Sili mpya, pedi mpya, oili ya breki ya DOT 4, na mipira iliyosukwa waya nje, mitumba, lakini mizima kabisa. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote tuliyoifanyia pikipiki ile. Mipira ya zamani ilikuwa inavimba ukibana, nguvu inaishia kwenye mpira badala ya kwenye diski. Baada ya kubadilisha, vidole viwili vilitosha.

Matairi yalinitesa. Rimu ni ya inchi 17, na bodaboda nyingi nazo ni 17, basi kila duka wananiambia kumi na saba ni kumi na saba. Si kweli. Mbele inataka 120/60, nyuma 160/60, na hilo la nyuma upana wake ni mara mbili ya tairi la bodaboda. Duka moja walikuwa nalo la saizi yenyewe, linang'aa, bei nafuu. Nikalizungusha mpaka nikaona tarakimu nne ndani ya duara pembeni: 1506. Wiki ya 15, mwaka 2006. Tairi la miaka minane lililokaa juu ya kabati karibu na bati la moto. Mpira wake ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha mgambo. Nililiacha pale pale ingawa muuzaji alikasirika. Mwishowe binamu yangu aliyekuwa akisafiri na basi la Mombasa alinipatia jozi iliyotumika, akanipigia picha za zile tarakimu kabla sijatuma hela. Zikavuka Horohoro, na mpaka zifike mlangoni zilikuwa zimenigharimu sh. 270,000.

Tangi nililijaza siki na nati chakavu, nikawa nalitikisa asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali. Kiwese cheusi kilichotoka humo sitakisahau. Betri mpya. Rektifaya, kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, ilikuwa imeungua soketi, nikapata nyingine ya mtumba, nikaifunga nje kidogo ipate upepo, kwa nyaya nene zaidi.

Kabureta nilizifungua mwenyewe usiku, kwa taa ya simu. Petroli ya miaka saba ilikuwa imekauka humo ikawa kama gundi ya kahawia. Nikaloweka, nikapiga brashi, nikapeleka kupulizwa kwa kompresa ya wajaza upepo, nikafunga. Nilikuwa na haraka.

Iliwaka Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Stata ilizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu banda lote likajaa moshi na sauti. Watoto wa jirani walipiga kelele. Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Nikageuka kumtazama baba mdogo barazani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mkono umeinuliwa, anatuzuia tusiseme.

"Tatu hizo," akasema. "Moja imelala."

Mzee wa Deep Sea hakujibu. Alichota maji kwenye kizibo cha chupa, akaenda mbele ya injini, akadondosha tone kwenye bomba la kwanza. Tss, likaruka mvuke. La pili, tss. La tatu, tone likateremka taratibu mpaka chini, likaning'inia kwenye ukingo, likadondoka mchangani. La nne, tss. Silinda ya tatu ilikuwa baridi kama mtungi.

Tukazima, tukang'oa kabureta zote upya. Mzee akatoa zile jeti ndogo, vijitundu vya kupitishia petroli vinavyolisha injini inapokuwa kwenye sailensi, yaani inapozunguka bila kuvutwa mafuta, akaniambia niziinue moja moja kuelekea jua. Ya kwanza ilikuwa na nukta ya mwanga katikati, kali kama nyota. Ya pili vilevile. Ya tatu giza tupu. Nilinyoosha mkono nichukue kipande cha waya wa breki, akanizuia. "Chuma kitapanua tundu, na tundu hilo likipanuka umenunua jeti nyingine, na jeti nyingine huna." Akamenya waya wa umeme, akachomoa uzi mmoja wa shaba, akauchovya petroli, akawa anauzungusha vidoleni mpaka gundi ikatoka kama uchafu wa sikio. Nikainua tena. Nyota.

Siku iliyofuata tulizilinganisha kabureta, zivute sawasawa. Vifaa: mpira wa dripu kutoka duka la dawa, ubao, na oili ya kuchanganyia petroli ya boti. Ukiufunga mpira kwa umbo la U ubaoni, ukatia oili chini, ncha moja ukaichomeka kwenye kabureta hii na nyingine kwenye ile, inayovuta zaidi huinyanyua oili upande wake. Mzee alitumia oili ile makusudi: ikifyonzwa kwa bahati mbaya, injini inaichoma, haiumii. Tulizichukua mbili mbili, feni ya nyumbani ikipuliza rejeta, yeye akikaza skrubu robo ya robo, mimi nikitazama ubao na kusema, "Panda kushoto. Bado. Bado. Hapo." Oili ilisimama sawa kama maji ndani ya bilauri. Na mlio ukabadilika. Mtikiso uliokuwa kwenye usukani ukafa, ikabaki sauti moja nyembamba, iliyonyooka.

Baba mdogo aliomba ashikwe mkono. Akaja, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha, "Helmeti zipo ngapi?"

Tuliazima ya pili. Mama mdogo alikataa, akakubali, akakataa tena, mwisho akamfunga yeye mwenyewe ule mkanda kidevuni. Tulikatisha Ngamiani polepole, tukavuka reli, tukaingia mjini, tukashika barabara inayopita Bombo kuelekea Raskazone, gia ya tatu tu, mikono yake imenishika kiunoni kama mtoto. Sikuvuta resi. Pikipiki ilikuwa bado haina rangi, tangi chuma kitupu lililopakwa mafuta ya nazi lisishike kutu. Hakuna lililonishughulisha zaidi ya kusikiliza nne zote.

Raskazone nikasimama chini ya mwarobaini, kusi inatupiga usoni.

"Zima," akasema.

Nikazima. Yale mabomba yakaanza kupoa, tiki, tiki, tiki. Mawimbi yalikuwa yanapiga ukingo chini yetu. Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu nyuma yangu, hajashuka, hajaniachia kiuno.

"Haya," akasema. "Washa tena."