Siku moja maishani mwangu: mkutubi kati ya 000 na 999

Saa 12:20 asubuhi

Juni huku Nyanda za Juu Kusini baridi haina mzaha. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu, na bado nikipumua naona mvuke. Nachemsha chai, natia viazi kwenye hotipoti, namwamsha mwanangu wa darasa la tatu. Shule zimefungwa, kwa hiyo leo tunakwenda wote kazini.

Kwenye bajaji mama mmoja tuliyesali naye kwaya zamani ananiuliza siku hizi niko wapi. Namwambia maktaba. "Aa, kumbe unatunza vitabu!" Ndiyo, natunza vitabu, kama muuguzi anavyotunza vitanda. Safari ilikuwa fupi, sikupata nafasi ya kumweleza zaidi. Ninayoandika hapa ndiyo yale ambayo ningemwambia.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya kufungua mlango tunasoma rafu. Si kusoma vitabu vyenyewe, ni kusoma namba za mgongoni, kitabu kwa kitabu, kuhakikisha kila kimoja kiko pake. Mimi na mwenzangu wa dawati la kuazimisha tunagawana: leo yeye ana 000 hadi 500, mimi nina 600 kwenda juu.

Mpangilio tunaoutumia ulitolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Aliigawa elimu yote katika makundi kumi, kila kundi likagawanyika tena kumi, na tena, mpaka kitu kidogo kabisa kikapata namba yake. Mahindi ni 633.15. Viazi mviringo 635.21. Kuku 636.5. Historia ya Tanzania ni 967.8, fasihi ya Kiswahili 896.392. Ukikaa kazini miaka kadhaa unaanza kuuona mji kwa namba. Hapa kwetu rafu za 630 ndizo zimechakaa kuliko zote, na tangu watu waingie kwenye kilimo cha parachichi, vitabu vya 634.653 havilali ndani hata wiki moja.

Kuna anayeona kusoma rafu ni kazi ya kupoteza muda. Mwaka jana tulikuwa na kitabu kizuri cha ufugaji wa kuku, kimoja tu. Mfugaji mmoja alikiulizia mara tatu. Kwenye kumbukumbu kilionekana kimo ndani, kwenye rafu hakipo. Baada ya miezi mitatu nilikikuta 363, katikati ya vitabu vya huduma za jamii. Mtu aliyekirudisha alizigeuza tarakimu, 636 ikawa 363. Kitabu kilikuwa hatua kumi na tano kutoka mahali pake, na yule mzee wa kuku alikuwa ameshakata tamaa ya kuja. Hilo bado linaniuma.

Leo makosa ni machache. Ila nimekuta kitabu cha hisabati ya sekondari, kile kinachopendwa kuliko vyote, mgongo umeachia na kurasa za logarithimu zinaning'inia. Mtu mwenye nia njema amekibandika selotepu. Nakiweka pembeni.

Saa 3:00 asubuhi

Tunafungua. Nje wamesimama kama ishirini hivi. Wengi ni wanafunzi walio likizo, halafu wapo watu wazima wanaorudia kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, na mzee mmoja mstaafu ambaye husoma magazeti yote, la kwanza hadi la mwisho, akiwa amesimama. Tumeshamwonyesha kiti mara nyingi. Anasema akikaa anasinzia.

Saa 4:15 asubuhi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kaka mmoja, umri wake kama miaka ishirini na tano, amezunguka kati ya rafu kwa muda akigusagusa migongo ya vitabu. Mtu anayejua anachotafuta hatembei hivyo. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, unatafuta nini nikusaidie?"

"Naomba kitabu cha sheria."

Ningeweza kumwonyesha 340 kwa kidole nikarudi kwenye kiti changu. Angekaa na kitabu kinene cha sheria ya mikataba nusu saa, akaondoka, na asingerudi tena. Swali la kwanza la msomaji mara nyingi si swali lake. Analileta limefungwa, kwa aibu au kwa sababu anadhani maktaba ni mahali pa maswali makubwa makubwa. Chuoni tulifundishwa namna ya kulifungua: uliza bila kuchunguza maisha ya mtu, na uulize kwa sauti ambayo meza ya jirani haisikii.

"Sheria ni pana, mwanangu. Ni ya kazi, ya biashara, ya ardhi?"

"Ya ardhi."

"Ya mjini au kijijini?"

Akanyamaza kidogo, kisha ikatoka yote. Baba yake amefariki. Shamba lina hati ya kimila yenye jina la marehemu. Baba mdogo amemletea karatasi atie sahihi, anamwambia ni utaratibu tu wa ukoo. Karatasi ina kurasa tatu na anatakiwa kuirudisha kabla ya Jumapili.

Nilimletea Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na kijitabu cha Kiswahili chepesi kinachoeleza hakimiliki ya kimila ni nini na inahamishwa vipi. Nikamfungulia ukurasa wa yaliyomo, maana watu wengi hawajawahi kuonyeshwa kwamba kitabu kina mlango. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba mambo ya mirathi kama yake kwa kawaida huanzia Mahakama ya Mwanzo, na kwamba wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa kwa sheria ya mwaka 2017, ambao hawamtozi asiye na uwezo.

Akaniuliza, "Sasa mama, nitie sahihi au nisitie?"

"Hilo si langu kukuambia, mimi si mwanasheria. Langu ni kuhakikisha unajua ulichosoma kabla ya kushika kalamu."

Alikaa mpaka saa saba kasorobo, ananakili kwa mkono. Sijui ataamua nini, na si kazi yangu kumfuatilia. Anachosoma mtu maktaba ni siri yake. Hata baba yake mdogo akija kuniuliza, jibu sina.

Saa 7:00 mchana

Viazi, chai, na mwanangu akinisimulia habari za nyangumi.

Saa 7:40 mchana

Umeme umekatika. Katalogi ya kompyuta imelala, kwa hiyo tumerudi kwenye kabati la zamani la kadi, lile lenye droo ndogo ndogo na vishikio vya shaba. Vijana wanaliona kama kitu cha makumbusho. Mimi nalipenda. Kidole kikipita juu ya kadi, kadi zilizolegea na kuchafuka pembeni zinakuambia watu waliulizia nini zaidi, miaka yote hiyo.

Mwanga wa dirishani unatosha kuingiza vitabu vipya kwenye daftari la usajili. Namba, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei, kimetoka wapi. Kisha mhuri, mfuko wa kadi, karatasi ya tarehe, lebo ya mgongoni.

Watu huniuliza kwa nini niliingia ukutubi, na jibu langu ni daftari hili. Baba yangu alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha chai. Jioni nilikuwa nikimpelekea chakula namkuta na leja yake, kila skrubu, kila mkanda wa mashine, kila gunia lina mstari wake. Siku moja mashine ilisimama, mafundi wakasema kipuri hakuna, kitaagizwa kutoka mbali. Baba akafungua leja, akaweka kidole, akasema, "Kipo. Rafu ya nne, chini." Kikaenda kuchukuliwa. Nilikuwa na miaka tisa, na sijawahi kuona mtu mwenye nguvu kama baba alivyokuwa dakika ile. Namba ya kwanza ya Dewey niliyoikariri bila kuambiwa ni 633.72, chai.

Nilisomea Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Darasani kila mtu alikuwa na njia yake. Mmoja alikuwa mhudumu wa ofisi kwa miaka mingi, mwajiri akamleta asome. Mwingine alikuwa mwalimu aliyechoka na viboko. Wapo waliokuja kwa sababu alama ziliwaleta huko, na baadhi yao leo ni wakutubi bora kunishinda. Aliyepata shida ni yule aliyekuja kwa sababu anapenda ukimya. Ukimya ni wa wasomaji. Mkutubi anaongea kutwa nzima, kwa sauti ya chini tu.

Napenda pia neno lenyewe. Kitabu, maktaba, katibu, mkutubi, yote ni mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuandika. Baba hakuwahi kuitwa mkutubi, lakini alikuwa ndani ya ukoo huo.

Saa 8:30 mchana

Masanduku matatu ya msaada yamefika wiki iliyopita, leo tumeyafungua. Nasema hili kwa moyo mzito maana waliotuma wametumia fedha kusafirisha: ndani kuna miongozo ya kodi ya nchi nyingine, vitabu vya kompyuta za zamani, na nakala arobaini za kitabu kimoja cha mtaala ambao hapa hakuna anayeusoma. Tumepata kumi na viwili vinavyofaa, vingi vya watoto. Vilivyobaki vinahitaji nafasi, vumbi lao linahitaji mtu wa kulifuta, na kuviondoa kuna taratibu zake. Ningeomba siku zote mtu anayetaka kusaidia maktaba aulize kwanza mkutubi wa pale rafu ipi iko tupu. Ningemjibu hapo hapo: hadithi za Kiswahili za watoto wa miaka sita hadi kumi.

Saa 9:00 alasiri

Maana ndio hawa wamefika. Thelathini na moja leo, kwenye mkeka, wengine na wadogo zao mgongoni.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Nje mwenzangu anasikia kelele na hanikemei. Saa hii tumeshakubaliana na wasomaji wakubwa kwamba mlango wa kona ya watoto utafungwa na watatuvumilia. Nasoma nikionyesha picha, kisha nafunga kitabu kabla ya mwisho na kukirudisha kwenye rafu mbele ya macho yao. Anayetaka kujua fisi aliishia wapi ajiandikishe. Leo wamejiandikisha wanne. Fomu inahitaji sahihi ya mdhamini, kwa hiyo kesho nitawaona wazazi wanne ambao hawajawahi kuingia humu.

Saa 10:10 jioni

Umeme bado. Nimekaa na kile kitabu cha hisabati dirishani.

Selotepu kwanza. Ukiivuta inaondoka na maandishi, kwa hiyo naipasha polepole kwa kijiko kilicholowekwa kwenye maji ya moto na kukaushwa, inalegea, naikunja kurudi nyuma taratibu. Gundi yake imeshaacha doa la njano juu ya jedwali la logarithimu, lakini tarakimu zinasomeka. Nakwangua gundi ngumu ya zamani mgongoni, nazigonga kurasa mezani zilingane, napaka gundi nyeupe kwa brashi nyembamba, kidogo, kidogo sana, kisha ukanda wa kitambaa cha pamba. Karatasi ya nta huku na huku isigande. Juu yake matofali mawili niliyoyavika kitambaa cha khaki.

Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Zamani nilidhani maana yake ni kumhudumia haraka. Siku hizi nikikaa na brashi hii naiona kwa namna nyingine. Mtu aliyefeli hisabati akiwa na miaka kumi na saba na anarudia akiwa na ishirini na tatu, muda wake umeshapotea wa kutosha. Asifike hapa akaambiwa ukurasa anaoutaka umeng'oka.

Saa 11:30 jioni

Hesabu ya siku: wasomaji mia moja na sita, vitabu vilivyoazimwa thelathini na nane, vilivyorudishwa ishirini na saba. Kijana mmoja amepoteza kitabu cha fizikia, amekuja na mama yake kueleza. Tumekubaliana alipe kidogo kidogo na aendelee kusoma humu ndani wakati analipa. Mtu akizuiwa maktaba kwa sababu ya deni, harudi, na kitabu hakirudi.

Mzee wa magazeti ameyakunja yote vizuri na kuondoka.

Saa 11:50 jioni

Nafunga madirisha. Binti mmoja anakuja mbio, daftari kifuani, mkoba wa saluni begani. Anafanya kazi mpaka saa kumi na moja, huwa anapata dakika hamsini tu za kusoma, leo hata hizo hazikupatikana.

"Dada, kile cha hisabati kipo? Niliishia logarithimu."

Nampeleka dirishani. Nanyanyua tofali moja, nagusa mgongo wa kitabu kwa kidole. Bado una ubaridi wa gundi mbichi.

"Kesho saa ngapi utafika?"

"Nitaomba ruhusa. Saa kumi."

Nakata kipande cha karatasi, naandika jina lake na saa kumi, nakichomeka chini ya uzi wa tofali. Mwanangu ameshazima tochi ya simu na amenishikia ufunguo mlangoni.