Nilivyoipigia hesabu lenzi ya plazima kwa kompyuta yangu

Maabara ya plazima sina. Nilichokuwa nacho ni kompyuta mpakato, Python na hamu ya kujua plazima, yaani gesi ya moto inayopitisha umeme, inaubanaje mwale wa elektroni. Nawaandikia wanafunzi wenzangu wa fizikia, maana sehemu kubwa ya jambo hili inafuatika kwa hesabu za kidato cha sita.

Kazi hii kwa kawaida hufanywa na sumaku za ncha nne. Ila sumaku hizo zikiubana mwale kwa mlalo, zinautanua kwa wima, kwa hiyo hupangwa kadhaa zikipokezana na nafasi inaliwa. Lenzi ya plazima hubana pande zote kwa pamoja. Unajaza gesi kwenye kijibomba, unapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno, gesi inageuka plazima, na uga wa sumaku unaouzunguka mkondo huo unazisukuma elektroni za mwale kuelekea katikati. Panofsky na Baker walishalieleza wazo hili mwaka 1950, kwa mwale wa protoni wa Berkeley, Marekani.

Nilianza na kijibomba cha vipimo kama vya majaribio ya CLEAR, kituo cha kujaribia miale ya elektroni huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe: kipenyo milimita 1, urefu milimita 15. Nikaweka ampea 400 na elektroni zenye nishati ya MeV 200 (volti-elektroni milioni 200). Kanuni ya Ampère ikanipa tesla 320 kwa mita, yaani kasi ya uga wa sumaku kuongezeka kadiri unavyotoka katikati, na elektroni za mwale kukutana sentimita 14 hivi mbele ya lenzi. Niliirudia hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kuiamini kompyuta. Nawe fanya hivyo.

Utamu wenyewe uko kwenye joto. Ukuta wa kijibomba unaipoza plazima iliyo karibu nao, katikati inabaki ya moto, na plazima ikiwa ya moto zaidi hupitisha umeme vizuri zaidi. Mkondo basi unajazana katikati, na elektroni za pembeni zinapindwa pungufu, hazifiki pale zinapokutana nyingine. Nilipoingiza joto kwenye programu, mchoro wa uga dhidi ya umbali kutoka katikati, uliokuwa mstari ulionyooka, ukapinda pale pale kwenye skrini. Nilifurahi mno, kwa sababu sasa matokeo ya CLEAR ya mwaka 2018 yalinieleweka: kwa heliamu ubora wa mwale ulishuka, kwa agoni ukabaki vilevile. Atomu za agoni ni nzito, joto husafiri taratibu kwenda ukutani, na mwale unawahi kupita kabla mkondo haujajikusanya.

Kwenye mashine za kugonganisha chembe mambo ni magumu zaidi. Panda hadi GeV 200, yaani mara elfu ya MeV 200, zile sentimita 14 zinakuwa mita 140. Hapo ni afadhali mwale wenyewe uzifukuze elektroni za plazima, zibaki ayoni chanya za kuubana. Kwa plazima yenye elektroni 10¹⁷ katika kila sentimita ya ujazo nilipata tesla milioni 3 kwa mita!

Positroni, yaani chembe kama elektroni ila zenye chaji chanya, ndizo zinazonishughulisha sasa. Zenyewe huzivuta elektroni za plazima, nazo zinarundikana bila usawa, kwa hiyo nguvu ya kubana hailingani na umbali kutoka katikati. Hata hivyo watafiti wa SLAC, maabara ya chembe huko California, Marekani, waliweza kubana positroni za GeV 28.5, matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Naandika programu inayofuatilia chembe moja moja, na jaribio hilo ndilo nitakaloipimia kwanza.